Makumbusho ya mji wa Kongwa: fundi apumzike kwanza, shikeni daftari

Mwalimu mmoja wa sekondari pale Kongwa mjini, mkoani Dodoma, ameniandikia ujumbe mrefu, naufupisha. Wao ni kikundi cha walimu, wastaafu na vijana wachache, wanataka kuanzisha makumbusho ya mji wao. Washakusanya zeze mbili, vibuyu vya maziwa, jiwe la kusagia, vyuma vya matrekta ya enzi za karanga na picha kadhaa za zamani, vyote vimekaa stoo nyumbani kwa mwenyekiti. Kuna chumba kwenye jengo la zamani wameahidiwa kwa mdomo, na juu ya hapo fundi keshawachorea ramani ya jengo jipya. Anauliza waanzie wapi, kibali gani kinahitajika, vitu visiliwe na mchwa vipi, hela zitoke wapi, na wafanyeje na wazee waliokuwa jirani na kambi za wapigania uhuru ambao ukiwagusia tu hiyo habari wanabadilisha mada. Alafu mwishoni kauliza la mzee mmoja mwenye mkuki wa babu yake, anataka kuutoa ila wanae hawataki.

Marahaba mwalimu, na hongereni. Nianze na huyo fundi, mwambieni apumzike kwanza, ramani yake mkaiweke vizuri kwenye faili maana kuna siku itatakiwa, ila siku yenyewe sio mwaka huu. Na watu wa Kongwa kusema kweli ndio wa mwisho kabisa kuhitaji kuambiwa hili, maana mnaishi juu ya mfano wenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo na mpango wa karanga wa zaidi ya ekari milioni 3 kwa Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kwa pamoja, Kongwa ikiwa ndio ya kuanzia, na lengo la mwaka wa kwanza hapo kwenu lilikuwa ekari 150,000. Wakaleta mashine mpaka zile zilizogeuzwa kutoka vifaru vya vita, wakajenga tawi la reli kutoka Msagali, wakajenga nyumba na shule ya watoto wao, yani kila kitu, ila kumbukumbu za mvua za miaka ya nyuma hazikutosha na udongo wenyewe haukupimwa ipasavyo. Kumbe ule udongo jua likiwaka unakaza, na mchanga uliomo ndani unakula vyuma. Mwaka wa kwanza wakapata kama ekari 7,500 tu, na Januari 1951 serikali yao ikaufuta mradi na hasara ya kama pauni milioni 36. Sasa ninyi mnataka kutunza kumbukumbu ya mradi ulioanza na mashine kabla ya kupima udongo, jamani msiutunze kwa kuurudia.

Kwahiyo jibu langu ni hili: anzeni na daftari na sauti za wazee. Jengo litafuata, na hata lisipofuata mtakuwa na makumbusho.

Daftari maana yake nini. Chukueni zile zeze mbili. Nani kazitengeneza? Alikuwa anakaa kijiji gani? Alipigia wapi, kwenye pombe, kwenye jando, au alikuwa anazunguka nazo minadani? Nyuzi ni za nini, asili yake au kaja kubadilisha mtu baadae? Mara ya mwisho imepigwa lini na nani alikuwa anaimba? Kama hamna majibu, basi mna kibuyu, fimbo na waya, na zeze za hivyo zinauzwa Dodoma na Dar kwa watalii kila siku, hakuna sababu ya mtu kuja Kongwa kuziangalia. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliizungusha zeze na ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) za Wagogo dunia nzima mpaka alipofariki 2003, watu wanajua Wagogo wana muziki, wasichokijua ni nani alikuwa anapiga pale Kongwa, kwenye harusi ya nani. Hicho ndicho mnaweza kuwapa ninyi na hawezi mtu mwingine.

Kanunueni kaunta buku moja nene lenye gamba gumu. Kila kitu kinachoingia kinapewa namba siku hiyo hiyo kinapoingia, msingoje "tutakuja kupanga", hiyo siku huwa haifiki. Namba rahisi ni mwaka, alafu mzigo wa ngapi mwaka huo, alafu kitu cha ngapi kwenye mzigo, mfano 2025.4.2. Mbele ya namba mnaandika ni kitu gani, kwa jina la Kiswahili na la Kigogo au Kikaguru kama lipo, vipimo vyake, kimetengenezwa na nini, kina ubovu gani kilipofika (muhimu sana hii, asije mtu akadai ninyi ndio mmekivunja), kimetoka kwa nani, kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa, na hadithi yake kwa maneno ya mwenye nacho. Kalamu iwe ya wino usiofutika, kwa sababu vumbi la Dodoma na jasho la mikono vinafuta maandishi kuliko mnavyodhani. Baadae kijana mmoja anahamishia kwenye eksel, lakini lile buku halitupwi hata kompyuta zije kumi.

Namba ikae pia kwenye kitu chenyewe. Funga kikaratasi kigumu kwa uzi wa pamba, usigundishe selotepu na usiandike na maka peni juu ya mbao au ngozi. Picha, andika nyuma kwa penseli laini, taratibu, pembeni. Nimeona mkusanyiko mmoja, siutaji wa wapi, vitu vizuri mno, ngao, viti vya kigoda vya watemi, ila aliyekuwa anajua kila kitu alikuwa bwana mmoja na alikuwa navyo vyote kichwani. Alipofariki vile vitu vikabaki bubu, na mpaka leo wanaviita "vitu vya asili" basi.

Sasa wazee. Hapa ndio pa kukimbizana, nawaomba. Mtu aliyekuwa na miaka 15 wakati mashine za karanga zinaingia leo ana zaidi ya 90. Wamebaki wachache sana na kila masika inapita na wengine. Kibuyu kinaweza kungoja miaka mitano stoo, mzee hangoji. Kwahiyo kama mna nguvu ya kufanya kitu kimoja tu miezi sita ijayo, fanyeni hiki, hata kama kikao kizima kinataka kupaka rangi chumba.

Hamhitaji mashine za redio. Simu janja yoyote inayorekodi vizuri inatosha, mkiipata ya kurekodi kwa faili la WAV, lisilobana sauti, ni bora zaidi. Iweke kwenye hali ya ndege ili isije ikaita katikati, iweke karibu na mdomo wa mzee juu ya kitambaa, msikae nje maana upepo wa kwenu huo unajulikana, na msikae chini ya bati mvua ikinyesha. Mwanzoni kabisa mwa kurekodi mtu aseme kwa sauti: leo tarehe fulani, tuko mahali fulani, tunaongea na fulani, na yeye mwenyewe akubali kurekodiwa na aseme kama watu wengine wanaruhusiwa kusikiliza. Sekunde thelathini hizo. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pia, ila hata isingekuwepo ni adabu tu.

Mwacheni aongee lugha yake. Walimu mna tabia hii (samahani mwalimu) mzee akianza Kigogo mnamrudisha kwenye Kiswahili, matokeo yake anatoa habari za kigazeti, fupi fupi, kama anajibu mtihani. Aongee Kigogo chake au Kikaguru chake, mtatafsiri baadae. Na msimuulize "ilikuwa mwaka gani" maana atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo analolikumbuka: kabla ya mradi wa karanga kufa, kabla ya uhuru, wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971 watu walipohamishiwa vijijini, kabla au baada ya vita ya Kagera. Hata njaa zina majina, ile ya mwishoni mwa vita kuu ya kwanza na baada yake Wagogo waliiita Mtunya, hakuna aliyebaki aliyeiona lakini wapo walioambiwa na mama zao, na hizo habari ni dhahabu.

Alafu nendeni kwa mabibi. Mkiwaacha wanaume waamue nani ahojiwe mtapata orodha ya wenyeviti wastaafu watupu. Ngoma ya muheme ya Wagogo wapigaji ni wanawake. Wakati wa karanga vibarua walikuja kutoka kila kona ya Tanganyika, na hao watu walipikiwa na nani, walilala wapi, pombe aliuza nani, waliwekeana akiba namna gani, haya yote bibi anayo na kwenye vitabu vya Waingereza hayamo, kule utakuta mainjinia na matrekta. Kuna mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam Septemba 1947, ukapanda na reli mpaka kwa vibarua wa Kongwa. Muulizeni mtu baba yake alikuwa upande gani, aligoma au aliogopa. Hiyo peke yake ni chumba kizima cha makumbusho.

Kuhusu kulipa wazee: nauli, sukari, sabuni, soda, hiyo ni heshima na ipangwe kwenye bajeti. Ila msilipe kwa habari, hela kwa kila hadithi, kwa sababu hadithi zitaongezeka urefu. Kilicho cha lazima ni kumrudishia. Mpelekeeni nakala kwenye memori kadi, wajukuu wakae wasikilize. Mzee akisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika, kesho yake anakuitia wenzie wawili.

Sasa hilo la kambi, nimeliacha makusudi maana lina uzito wake. Kwa wasomaji wengine wasiojua, kuanzia 1964 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, wakaja pia MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe, na baadhi ya majengo waliyofikia yalikuwa mabaki ya huo huo mradi wa karanga na stesheni yake. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, kakaa hapo kabla hajawa Samora tunayemjua. Kwenye hotuba hii habari ni nyepesi, tuliwapokea ndugu zetu, tukagawana ugali, mwisho. Mtaani sio nyepesi hivyo. Wale walikuwa vijana wa kiume, wengi, wamekaa miaka. Kuna wanawake waliozaa nao, kuna watoto ambao baba aliondoka kwenda vitani hakurudi, au alirudi kwao akawa na maisha mengine. Na kulikuwa na amri ya kutokusema, ilikuwa ni siri ya vita, majasusi wa Kireno na wa makaburu walikuwepo kweli. Mtu aliyeambiwa mwaka 1965 afunge mdomo, hakuna aliyekuja baadae kumwambia rasmi sasa fungua.

Kwahiyo wakibadilisha mada msiwasukume. Anzeni na mambo yasiyoumiza: walikuwa wanacheza mpira na nani, walinunua nini dukani, waliimba nyimbo gani, maji walichota wapi, nani aliwafundisha Kiswahili. Mkitoka hapo mtu akitaka kwenda mbele ataenda mwenyewe, pengine kikao cha tatu. Na akisema "hili usiandike" basi zima simu, na uizime aone. Anaweza pia kukubali kurekodiwa kwa sharti kwamba sauti isisikilizwe mpaka afariki, au mpaka mwanae akubali, mnaandika sharti hilo kwenye buku na mnaliheshimu, makumbusho kubwa duniani zinafanya hivyo hivyo. Msije hata siku moja mkaweka ukutani picha ya mama fulani na maelezo kwamba alizaa na mpigania uhuru bila yeye na mtoto wake kukubali. Mji mdogo huo, watu wanakutana kisimani na kanisani na msikitini.

Na makaburi ya wapigania uhuru yaliyopo, kazi yenu ni kuyaandika: picha, majina yanavyosomeka, yako wapi, nani anakumbuka mazishi. Kufyeka nyasi sawa. Kuhamisha jiwe, kujengea, kupaka chokaa juu ya maandishi, hapana. Kuna familia Afrika Kusini na Namibia bado zinatafuta ndugu zao na jina moja lililosomwa vizuri linaweza kuwa ndilo wanalolitafuta. Serikali inayo programu ya urithi wa ukombozi wa Afrika na Kongwa imo, kwahiyo waandikieni mapema wajue mpo, ili siku wakija na mradi wao mkubwa wawakute mna rekodi, wawape nafasi mezani badala ya kuwaita tu kucheza ngoma siku ya uzinduzi.

Vibali nitapita haraka. Kikundi kisajiliwe, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na majina ya viongozi, fungueni akaunti ya benki ya kikundi yenye saini zaidi ya moja. Afisa utamaduni wa wilaya awe anajua kila hatua. Andikeni barua Makumbusho ya Taifa na Idara ya Mambo ya Kale kuomba ushauri, sera ya mali kale ya 2008 inataka wananchi washiriki kwahiyo hamwombi hisani. Chumba mlichoahidiwa kwa mdomo hamna, mpaka pawe na barua yenye mhuri inayosema kwa miaka mingapi na nani atakarabati paa, aliyewaahidi akihamishiwa Katavi mwezi ujao mtabaki mnamsimulia mgeni ahadi.

Ila kuna mitego mitatu ya kisheria ambayo vikundi vingi havijui, hapo nisimame kidogo. Wa kwanza, kuchimba. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na hakuna kuchimbua bila leseni, kwahiyo mkiambiwa kuna vigae vya vyungu vya kale shamba la fulani, pigeni picha, andikeni, toeni taarifa, na jembe libaki begani. Wa pili, nyara. Wazee watawaletea ngozi ya chui, pembe, pengine kucha za simba kwenye mkufu wa mtemi. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 hivyo ni nyara za serikali, na kukutwa navyo bila hati ni kesi, haijalishi kwamba ni vya babu. Msipokee mpaka muongee na ofisi ya wanyamapori na kupewa maandishi. Wa tatu ndio wa hatari zaidi kwa Kongwa hasa: risasi, maganda, au kitu chochote cha chuma kinachotoka maeneo ya kambi za zamani ambacho hamkielewi. Msikiguse, msikisafishe, msikibebe kwenye bodaboda, piteni polisi. Wanafunzi waambieni hili kabla hamjawatuma kukusanya chochote.

Mchwa sasa. Dodoma mna bahati, kwenu ni pakavu, vitu vya karatasi vinadumu kuliko Tanga au Bukoba ambako ukungu unakula kila kitu. Tatizo lenu ni mchwa, vumbi, jua, na ukavu wenyewe unaopasua mbao na kukakamaza ngozi. Kitu chochote kisikae sakafuni wala kisigusane na ukuta. Rafu za chuma, ziwe mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono na tochi, na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia miguu ya rafu kila wiki. Ukiona njia ya udongo inapanda umeshawajua. Mkipokea kitu cha mbao, ngozi au ukindu msikiingize moja kwa moja na vingine, maana wadudu wanasafiri ndani yake. Kifungeni kwenye nailoni ngumu, toeni hewa, mkiweke kwenye friza la kugandisha wiki mbili, alafu mkikitoa kiache ndani ya nailoni siku nzima kabla ya kufungua ili kisilowe. Mwombeni mwenye duka la samaki, najua atashangaa, mimi nimeshawahi kuona kigoda cha mtemi kimelala juu ya sato. Dawa ya kupuliza ya dukani msipulize juu ya vitu vyenyewe, pulizeni kwenye kingo za chumba basi.

Na tafadhali sana, zuieni watu wasafi. Kila kikundi kina mmoja, anachukua kibuyu cha maziwa anakiosha na sabuni, anapaka vanishi kigoda, anapaka rangi ya silva kwenye chuma cha trekta king'ae. Ule weusi ndani ya kibuyu ni moshi na mafuta ya miaka, ndio ushahidi kwamba kilitumika. Vumbi litolewe na brashi laini, basi. Chuma kikae pakavu.

Picha za zamani ukutani mnaweka kopi, picha yenyewe inakaa gizani kwenye bahasha ya karatasi, sio kwenye zile albamu za plastiki za kunata. Kuna watu wanalamineti picha na barua za zamani kwa nia njema, hiyo ni kuzika, haitoki tena. Mkiskani iwe dpi 600 kwa picha ndogo. Na msitumiane kwenye WhatsApp kama picha maana inabanwa, tumeni kama dokyumenti. Kila faili likae sehemu tatu, kompyuta ya shule, diski ya nje (hard disk) kwa mwenyekiti, na moja nje kabisa ya mji, hata kwa ndugu aliyeko Dodoma. Halafu picha nyingine nyingi za Kongwa haziko Kongwa. Ile shule ya bweni ya watoto wa Kizungu ilifungwa 1958, waliosoma pale sasa ni vikongwe wametawanyika duniani na wanapenda kukumbuka, waandikieni, hawatatoa albamu zao ila kuskani watakubali wengi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wana wanafunzi wa historia wanaotafuta pa kufanyia utafiti, ombeni wawili watatu waje wasikilize na kuandika yale marekodi ya Kigogo, bora wawe wanaokijua.

Hela. Hatua niliyoisema mpaka hapa, buku, simu, rafu mbili, nailoni, nauli za wazee, mnaweza kuichangia wenyewe bila mfadhili, na ndio maana nimeipanga hivyo. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, msiiguse kwa kazi hii, ni mkopo, unarudishwa, na makumbusho haitoi faida ya kurudisha mkopo. Mkishakuwa na mwaka mmoja wa rekodi zinazoonekana ndio muandikie balozi. Balozi kadhaa zina mifuko midogo ya kuhifadhi utamaduni, Ujerumani wanao tangu 1981, lakini kwa Kongwa mimi ningeanza na Namibia, Afrika Kusini na Msumbiji, hao hamhitaji kuwaeleza Kongwa ni wapi. Ombeni kitu kidogo chenye mwisho, mfano kabati kumi na skana, msiombe jengo.

Na muangalie waliotangulia. Bujora, makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa Mwanza, ilianzishwa na padri mmoja Mkanada pamoja na Wasukuma wenyewe, ikasimama kwa sababu parokia ilikuwa nyuma yake na ngoma za kila mwaka zinaleta watu. Makumbusho ya vita vya Majimaji ya Songea ilianza 1980 mikononi mwa mkoa, baadae ikaingia Makumbusho ya Taifa. Kwahiyo jiulizeni nyuma yenu nani atakuwepo miaka ishirini ijayo mwenyekiti akichoka. Shule? Kanisa? Halmashauri? Mimi ningesema shule, maana kila mwaka inazalisha watu wapya, lakini ninyi mnajuana zaidi.

Kiingilio kwa watu wa Kongwa msiweke. Mgeni alipe. Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, wageni watakuja, ila hawatakuja kesho, msipange bajeti juu yao. Siku ya kwanza ya kuonyesha watu fanyeni tarehe 18 Mei, ni siku ya makumbusho duniani, turubai moja, meza, kopi za picha, spika ya kupigia sauti za wazee, na karatasi tupu pembeni ya kila picha ili watu waandike majina ya wanaowatambua. Siku hiyo mtapata habari kuliko mliyokusanya mwaka mzima.

Mzee wa mkuki. Msiuchukue. Wanae wakikataa leo, siku mzee hayupo watakuja kuudai mbele ya wageni na watakuwa na haki. Waiteni wote, baba na wanae, mumrekodi akieleza huo mkuki ulitoka wapi, muupige picha, muupe namba kwenye buku, mwandike "upo nyumbani kwa familia", na mkuki urudi kwake. Mkiuhitaji kwa maonyesho mnauazima kwa karatasi iliyosainiwa na baba na mtoto mmoja, yenye tarehe ya kurudisha, na mnarudisha siku moja kabla. Na mkiupiga picha wekeni rula pembeni, kila mtu anasahau rula.